Duki Adolf Friedrich wa Mecklenburg, Mwana wa Ukoo wa Kifalme Aliyepita Kivu

Wasomaji wa Lubumbashi wanajua ya kuwa mji wetu uliitwa Élisabethville tangu mwaka 1910 hata mwaka 1966. Lakini ni wachache wanaokumbuka huyo Elisabeth alikuwa nani. Alikuwa malkia wa Wabelgiji, mke wa mfalme Albert wa Kwanza. Walakini hakuzaliwa Ubelgiji. Alizaliwa mwaka 1876 Possenhofen, katika nchi ya Bavaria, naye alikuwa wa ukoo wa Wittelsbach, ambao ulitawala Bavaria kwa miaka mia nyingi. Basi mji wa shaba wa Katanga ulipewa jina la binti Mjerumani. Tena Leopold wa Pili, yule aliyeishika Kongo kama shamba lake mwenyewe, baba yake alizaliwa Coburg, mji wa Wajerumani vilevile. Zamani zile nyumba za kifalme za Ulaya zilichukua waume na wake kutoka Ujerumani, kama vile watu wa kijiji kimoja wanavyozoea kuoa katika kijiji fulani cha jirani.

Maana Ujerumani ya wakati ule haikuwa na mfalme mmoja tu. Chini ya Kaisari palikuwa na wafalme na maduki na wakuu wengine, jumla yao 22, kila mmoja na nchi yake, ikulu yake na bendera yake. Mwezi wa Novemba 1918, vita viliposhindwa, wote walianguka katika majuma machache. Hapa nataka kusimulia habari za mtu mmoja wa koo hizo. Nimemchagua huyu kwa sababu alipita kwa miguu katika nchi ya Kivu na Ituri, na nyayo zake hazijafutika hata leo.

Jina lake Adolf Friedrich, duki wa Mecklenburg. Alizaliwa Schwerin tarehe 10 Oktoba 1873. Baba yake alikuwa Friedrich Franz wa Pili, Duki Mkuu aliyeitawala nchi ile ya Mecklenburg-Schwerin, kaskazini ya Ujerumani, karibu na bahari ya Baltiki. Baba huyo alioa mara tatu, kwa kuwa wake wawili wa kwanza walifariki; Adolf Friedrich ni mtoto wa mke wa tatu. Kwa hiyo alikuwa na kaka wakubwa wengi mbele yake, na hakuwa na tumaini la kukaa katika kiti cha baba yake. Mdogo wake, Heinrich, alimwoa Wilhelmina, malkia wa Uholanzi, mwaka 1901. Kaka yake wa baba mmoja, Johann Albrecht, alikuwa mkuu wa chama cha Wajerumani kilichohimiza kutwaa makoloni. Kijana wa namna hiyo afanye nini? Akaingia katika jeshi la farasi, akawinda, akasafiri.

Inafaa tuseme neno juu ya ukoo wenyewe, maana habari yake itawashangaza wengi. Watawala wa Mecklenburg hawakuwa Wajerumani kwa asili. Walikuwa Waslavi, jamaa za Wapolandi na Wacheki. Babu yao, Niklot, aliuawa mwaka 1160 akipigana na majeshi ya Wajerumani waliokuja kuiteka nchi yake. Mwanawe Pribislav alikubali ubatizo, akajiweka chini ya mshindi wake, na mwaka 1167 akarudishiwa sehemu kubwa ya nchi. Hivyo ukoo wa wenyeji walioshindwa ukakaa kitini miaka 750 na zaidi, ukawa wa Kijerumani kwa lugha na desturi, na hapo mwishoni ukatoa mtoto wa kuja Afrika kuwapima vichwa wenyeji wengine. Ukoo huo ulikuwa Mkatoliki hata karne ya 16, ndipo nchi ikafuata Ulutheri mwaka 1549.

Mwaka 1907 Duki alikuwa na umri wa miaka 33. Alifika Mombasa, akapanda gari la moshi la Uganda hata ziwa Victoria, akavuka kwenda Bukoba, ambapo palikuwa mali ya Wadachi, kama wazee wetu walivyowaita Wajerumani. Alikuja na wataalamu, kila mtu na kazi yake: Weiss wa kuchora ramani, Kirschstein wa mawe na volkano, Schubotz wa wanyama, Mildbraed wa mimea, daktari wa kutibu, luteni von Wiese wa kuongoza msafara, na Mpolandi mmoja kijana, Jan Czekanowski, wa kuchunguza watu. Nyuma yao walifuata askari na mamia ya wapagazi wenye mizigo vichwani. Lugha ya msafara ilikuwa Kiswahili. Bila Kiswahili mabwana hao wasingalipata hata maji ya kunywa.

Katika mwezi wa Agosti walifika Nyanza, makao ya Yuhi Musinga, mwami wa Rwanda. Musinga alikuwa kijana, na alikuwa ameketi kitini tangu fitina ya Rucunshu ya mwaka 1896, mama yake na wajomba zake walipompindua ndugu yake Rutarindwa. Wana wawili wa nyumba za kifalme wakaonana. Zawadi zikapita huku na huku. Mwami alitoa ng'ombe, mbuzi na vyakula kwa watu wote wa msafara. Wakacheza ngoma, vijana wakashindana kurusha mikuki, wakaruka juu. Picha ya kuruka ndiyo iliyokwenda mbali: Duki na luteni wake wamesimama wima, na kijana Mnyarwanda anapita hewani juu ya ufito, juu ya vichwa vyao. Duki aliandika ya kuwa mrukaji bora alipita mita 2.50. Ni kweli kwamba warukaji wale walikanyaga kwanza kichuguu kidogo ili kujirusha. Walakini Ulaya na Marekani siku zile hakuna mtu aliyekuwa amefika mita 2. Nadhani Duki hakuisahau siku ile, maana baadaye alikaa miaka 30, tangu 1926 hata 1956, katika kamati kuu ya Michezo ya Olimpiki ya dunia.

Mapadre Weupe walikuwa wamekwisha kuingia Rwanda. Askofu Hirth alianzisha misioni ya Save mwezi wa Februari 1900, zikafuata Zaza, Nyundo, Rwaza, Kabgayi. Kwa mgeni aliyetoka porini, misioni ilikuwa mahali pa kulala, pa kupata mboga, na zaidi ya yote pa kupata habari. Kwa sababu mapadre walikaa na watu mwaka kwa mwaka, walijua lugha na kesi za vilima. Msafiri hupita, huandika kitabu, naye husifiwa kwa kuijua nchi. Padre aliyemweleza mambo hubaki, na jina lake halijulikani.

Kutoka hapo msafara ulikwenda kwenye milima ya moto ya Virunga. Bwana mmoja Mjerumani, von Götzen, alikuwa amepanda Nyiragongo mwaka 1894, lakini milima mingine haijachunguzwa vema. Kirschstein alikaa huko miezi mingi akipima na kuvunja mawe. Mwezi wa Februari 1908 alikuwa akivuka upande wa Karisimbi, mlima wenye mita 4,507, na wapagazi wake. Hali ya hewa ikageuka ghafula. Mvua ya mawe na theluji ikawapiga mahali pa tope, pasipo kuni wala pa kujificha. Wapagazi, watu waliovaa kitambaa kimoja kiunoni, walikata tamaa, wakaweka mizigo chini, wakalala. Wale waliokuwa na nguvu bado wakawavuta wenzao waliolala mpaka walipoweza kuwasha moto. Walakini 20 walikufa kwa baridi.

Ishirini! Katika ramani za Kirschstein kila kilele kina jina, na baadhi ya vilele vilipewa majina ya Wazungu. Wanyama na mimea pia. Kuna kinyonga wa Ituri, kuna chura wa milimani, kuna mti mrefu wa misitu ya juu unaojulikana toka Kivu mpaka Ethiopia: wote watatu katika vitabu vya wataalamu wanaitwa kwa jina la Adolf Friedrich. Wale 20 wa Karisimbi hakuna chura aliyeitwa kwa jina lao.

Kutoka Virunga walishuka hadi ziwa Edward, wakaiona Ruwenzori na theluji yake, wakafika Beni, wakaingia katika msitu wa Ituri. Nchi hii ilikuwa bado Dola Huru ya Leopold, Bula Matari. Mwezi wa Novemba wa mwaka ule ule wa 1908 ndipo Ubelgiji ilipoitwaa kutoka mkononi mwa mfalme. Msituni Duki alikaa na Wambuti, akamtafuta okapi, mnyama ambaye wataalamu wa Ulaya walikuwa wamemjua tangu mwaka 1901 tu, ingawa Wambuti walikuwa wakimla tangu zamani. Kisha wakafuata mto Aruwimi mpaka mto Kongo, wakateremka hata Boma, na huko wakapanda meli kurudi kwao. Kitabu chake kilitoka Leipzig mwaka 1909, na mwaka uliofuata kikasomwa kwa Kiingereza.

Safari hii haikuwa ya elimu tu. Mpaka kati ya Kongo na nchi ya Wadachi ulikuwa haujakatwa vizuri. Waingereza nao walidai sehemu ya Mfumbiro. Kujua vilima, maziwa na idadi ya watu kulikuwa silaha mezani. Mwaka 1910 wajumbe wa Ubelgiji, Ujerumani na Uingereza walikutana Brussels wakapatana. Kisiwa cha Ijwi kikawa cha Kongo, Bufumbira ikawa ya Uganda, na mstari ukapita katikati ya ziwa Kivu na katikati ya milima. Ukienda Goma leo ukatazama upande wa pili, Gisenyi, unatazama kazi ya mwaka ule. Musinga hakualikwa Brussels.

Kuna jambo jingine, tena zito. Duki na Czekanowski waliwaona Watutsi wa ikulu, watu warefu, wakaandika kwamba hao ni wageni wa damu nyingine, waliozaliwa kutawala. Na Wahutu ni wakulima waliozaliwa kutawaliwa. Fikira hiyo hawakuitunga wao. Mwingereza Speke aliitia kitabuni mwaka 1863. Lakini Duki aliipa picha nzuri, vipimo na jina la mwana wa mfalme. Wabelgiji walioitwaa Rwanda mwaka 1916 waliifuata. Katika miaka ya 1930 wakaandika kabila la kila mtu katika kitambulisho chake. Na sisi Wakatoliki tusijifiche: shule zetu za misioni nazo ziliifundisha. Sisemi kwamba mtu aliyepiga picha mwaka 1907 ndiye aliyeua mwaka 1994. Kati ya hapo na pale kuna mikono mingi. Lakini mwezi wa Aprili 1994 vitambulisho vile vilisomwa vizuizini, na mwezi wa Julai wakimbizi kwa mamia ya maelfu walimiminika Goma, wakafa kwa kipindupindu juu ya mawe yale yale meusi ya volkano ambayo Kirschstein aliyapima.

Turudi kwa Duki. Mwaka 1910 alikuja tena, akapanda mto Kongo na Ubangi mpaka nchi ya ziwa Chad. Mwaka 1912 akafanywa gavana wa Togo. Togo ilisifiwa na Wajerumani kuwa koloni la mfano, maana ililipa gharama zake yenyewe. Wenyeji walikuwa na maneno mengine. Mwezi wa Oktoba 1913 waziri wa makoloni, Solf, alipofika Lomé, wakubwa wa mji walimpa barua: waliomba hukumu za haki, minyororo na viboko viondolewe, kodi ipunguzwe, na wenyeji wapate nafasi katika baraza la gavana. Mmoja wa wakubwa hao alikuwa mfanya biashara Octaviano Olympio. Nawaomba wasomaji wakumbuke jina hilo.

Vita vilipoanza mwezi wa Agosti 1914 gavana hakuwapo Togo, alikuwa kwao. Msaidizi wake von Doering aliona Waingereza na Wafaransa wanakuja pande zote mbili. Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti Wajerumani waliivunja wenyewe stesheni kubwa ya redio ya Kamina, na tarehe 26 wakajitoa. Duki akabaki gavana asiye na nchi.

Mwaka 1918 ulimpiga kila upande. Wajerumani walikuwa wameshika nchi za Baltiki, yaani Estonia na Latvia za leo, na mabwana wa mashamba wa huko walitaka kuzifanya nchi moja yenye mtawala wa Kijerumani. Wakamchagua Adolf Friedrich. Tarehe 5 Novemba nchi hiyo ilitangazwa. Siku nne baadaye Kaisari akaanguka. Tarehe 14 Novemba mpwa wake, Friedrich Franz wa Nne, akajiuzulu ukuu wa Mecklenburg. Kabla ya mwezi kwisha ufalme wa Baltiki ulikuwa umekufa, na Duki hakupata kukaa hata siku moja kitini. Tena mwezi wa Desemba mke wake Viktoria Feodora, ambaye alimwoa mwaka uliotangulia, alijifungua mtoto wa kike, na siku iliyofuata akafariki. Mtoto aliitwa Woizlawa, jina la Kislavi la mababu. Nimesoma habari za wafalme wengi walioanguka, lakini mtu aliyepoteza koloni, ukoo wa kutawala, ufalme aliochaguliwa na mke, na vitatu vya mwisho katika mwezi mmoja na nusu, simjui mwingine.

Mwaka 1924 alimwoa Elisabeth, mjane wa kaka yake Johann Albrecht. Akaishi Bad Doberan, karibu na bahari. Alifanya kazi za makampuni na za michezo. Wakati wa Hitler hakutoka katika shughuli zake. Olimpiki ya Berlin ya mwaka 1936 ilimkuta ni mjumbe wa kamati kuu, naye alishiriki. Warusi walipofika Mecklenburg mwishoni mwa vita vya pili, alikimbilia magharibi akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70, akakaa Eutin katika Holstein. Wajerumani walipoanza upya kamati yao ya Olimpiki mwaka 1949 walimweka kuwa rais wa kwanza, hata mwaka 1951.

Na Musinga je? Wabelgiji hawakumpenda, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuvutwa kwa kamba. Ubatizo pia aliukataa. Tarehe 12 Novemba 1931 walimwondoa kitini, na Monsinyori Classe, askofu wetu wa Kabgayi, aliunga mkono jambo hilo. Mwanawe Rudahigwa alitawazwa mahali pake. Mwami wa zamani alipelekwa Kamembe, na mwaka 1940 akavushwa ziwa Tanganyika akaletwa Moba, karibu na misioni ya Baudouinville, katika Katanga yetu ya wakati ule. Huko akafariki mwaka 1944. Mwanawe alikuwa amebatizwa mwaka mmoja kabla. Watu wa Moba walimwona mzee mrefu, mgeni, na wafuasi wachache. Hakuwa Mnyarwanda wa kwanza kuletwa Katanga bila kupenda: tangu mwaka 1925 Union Minière iliandika vibarua Rwanda na Urundi kwa ajili ya migodi, na wengine hawakurudi. Wajukuu wao wako Lubumbashi, wanasema Kiswahili chetu.

Tarehe 27 Aprili 1960 Togo ilipata uhuru wake. Waziri mkuu alikuwa Sylvanus Olympio, Mkatoliki, aliyesoma utotoni katika shule ya mapadre Wajerumani, mtoto wa ndugu yake Octaviano yule aliyempa Solf barua mwaka 1913. Katika wageni wa heshima alimwalika gavana wa zamani. Duki akaja, mzee wa miaka 86, akasimama Lomé akitazama bendera mpya ikipanda. Wengine walisema Olympio alitaka kuwaudhi Wafaransa, na bila shaka siasa ilikuwamo. Lakini nchi iliyomwomba mtu huyo aondoe viboko, kisha ikampa kiti siku ya uhuru wake, haikufanya jambo dogo. Olympio aliuawa na askari mwezi wa Januari 1963. Duki aliishi zaidi yake. Alifariki Eutin tarehe 5 Agosti 1969, akikaribia miaka 96, na mke wake akamfuata mwezi wa Oktoba. Binti yake Woizlawa alifika miaka 100, akafariki mwaka 2019.

Habari ya safari ya 1907 haikuishia kaburini mwa Duki. Yule kijana Czekanowski, pamoja na kupima miili ya watu elfu kadhaa walio hai, alipeleka Berlin mafuvu ya vichwa zaidi ya 1,000. Yaliwekwa katika mkusanyo wa profesa Felix von Luschan, akiba ya mifupa ya watu kutoka dunia nzima. Yakapita vita viwili, yakahamishwa stoo hata stoo. Mwaka 2011 yalifika mikononi mwa shirika la serikali linalotunza majumba ya makumbusho ya Berlin, nalo tangu mwaka 2017 liliwatuma wataalamu wa Ujerumani na wa Rwanda kuyachunguza moja moja, kusoma maandiko yaliyoandikwa juu ya mfupa wenyewe, na kwenda vilimani kuwauliza wazee. Mwezi wa Septemba 2023 hesabu ilitangazwa. Mafuvu 1,135 yalichunguzwa: 904 ni ya Rwanda, 202 ya nchi iliyo Tanzania sasa, 22 ya Kenya. Wataalamu walieleza kwamba mengi yalitolewa makaburini na katika mapango ya kuzikia. Shirika likasema liko tayari kuyarudisha, nalo likaziandikia serikali za nchi hizo.